Programu ya kura za maoni kwenye simu: naipa nyota 2 kati ya 5

Nimeitumia kipindi chote cha kampeni, ni ile unajibu maswali ya siasa alafu wanakutumia grafu ya nani anaongoza. Jina la kampuni siweki. Iko fasta, haili bando, grafu zinasomeka vizuri kabisa, ila kwenye maswali na namna wanavyotangaza majibu hapo ndo pananiuma, maana watu wanaamua kura zao kwa kuangalia hizi namba.

Cheki mpangilio wao. Swali la kwanza, "Je, unakubaliana na wananchi wengi wanaosema maisha yamekuwa magumu chini ya uongozi uliopo?" la pili ni ufisadi, ndo la tatu wanakuuliza ungempigia nani. Yaani wameshakupandisha hasira kwanza! Na hao "wananchi wengi" kawahesabu nani? Wangeanza na swali la kura watu walewale wangeweza kujibu tofauti.

Alafu wasioamua wanafutwa. Tuseme mgombea A ana asilimia 38, B 31, wengine 7, na 24 hawajaamua, ukiwatoa hao 24 ukapiga hesabu upya A anafika 50 na B 41. Hakuna hata mtu mmoja aliyebadili mawazo lakini kichwa cha habari kinakuwa "A afikisha nusu ya kura", wa B anakata tamaa anaona bora abaki nyumbani, wafadhili wanahamisha hela, na wale wanaopenda kuwa upande wa mshindi wanahamia huko. Namba imefanya kampeni yenyewe.

Kiwango cha makosa, yaani namba zao zinaweza kupishana na ukweli kwa kiasi gani, wanakiandika kwa herufi za kutafuta na tochi. Kwa watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu ni kama asilimia 3 juu au chini kwa kila mgombea, kwahiyo pengo la pointi 4 sio la kushangilia. Wao wanagawa tena kwa kanda, kundi la watu 125 hivi, hapo kosa linakaribia 9, na bado wanatangaza "A aongoza kanda hii".

Wanajisifia pia kwamba maelfu wamejibu. Wingi peke yake hausaidii jamani. Marekani kwenye uchaguzi wa rais mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 likasema mgombea Landon anashinda, mpinzani wake Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi walitoa kwenye orodha za wenye simu na magari, na waliojibu ni waliopenda kujibu. Gallup, mtafiti wa kura za maoni, kwa sampuli (watu waliochaguliwa kuulizwa) ndogo mno alimtaja mshindi sahihi. Humu nako anayejibu ni mwenye simu janja na hamu ya siasa.

Niliwaandikia kuuliza nani analipia huo utafiti, wakasema ni siri ya mteja. Hapana, mteja akishakubali matokeo yatangazwe kwa umma na umma una haki ya kumjua.

Nyota ya kwanza ni ya urahisi wa kutumia. Ya pili ni kwasababu chini kabisa kuna PDF yenye maswali yote na idadi ya wasioamua, ifungueni hiyo kabla hamjashea grafu. Wakihamishia hayo yote juu pamoja na jina la mlipaji narudi kuongeza nyota.