Tuisheni ya Kiingereza ya jioni Kariakoo, mi nimekaa miezi miwili

Wakuu, kuna mtu aliniuliza ile tuisheni ya ghorofani kama inafaa au ni kuchoma hela, jina silitaji, ila nimelipa elfu hamsini kwa mwezi na niliingia nikijua tunaenda kukariri hot cold, big small kama darasa la tatu, wapi!

Siku ya kwanza tu ticha kaandika ubaoni "Five left", kauliza, hao watano wameondoka au wamebaki? Darasa likagawanyika. Kumbe neno ni lile lile, who left ni alieondoka, who is left ni aliebaki, na hapo bado hujagusa mkono wa kushoto. Dust nayo, kwenye meza unatoa vumbi, kwenye keki unanyunyizia sukari ya unga. Halafu jamaa mmoja dereva wa tenki la mafuta, miaka yote anashangaa kwanini tenki lake limeandikwa inflammable, yani halishiki moto, si invisible ni kisichoonekana? Kumbe flammable na inflammable zote zinawaka tu, hiyo in ya hapo ni ya Kilatini na haikanushi kitu. Tulicheka mpaka basi.

Ticha akatuzima, nanyi si mnasema niazime kalamu, nimeazima kalamu, anayetoa anaazima na anayepokea anaazima? Kimya. Mi nikajitia kutetea lugha, nikasema sisi angalau ukitaka kinyume unaweka ua mwishoni, funga fungua, ziba zibua, akaniangalia akasema sawa, kwa hiyo nunua ni kinyume cha nuna? Mama mmoja nyuma akadakia, ndio ticha, mume wangu ndo halijui hilo. 😂

Ubaya upo. Feni moja watu kama ishirini, fotokopi unalipia mwenyewe, na umeme ukikatika hakuna jenereta, ingawa siku moja taa zikazima na hapo hapo alamu ya gari huko chini ikaanza kulia, ticha gizani anasema mnaona, zote mbili went off.

Ni Jumatatu mpaka Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni. Ukipiga simu watakwambia five thirty, usije ukatokea saa tano na nusu, mi nilikuta kufuli.