Miche ya deizi kitalu cha Tengeru: chukua viriba, achana na vyungu vya elfu kumi

Wenye bustani Arusha na Moshi mnaotaka deizi zinazojiotesha zenyewe mwaka hadi mwaka, nimechukua miche kwa kaka mmoja anauza maua pembeni ya barabara upande wa Tengeru na nataka niwaambie kila kitu maana hela ni yenu na vuli ndo hiyo inakuja. Kwa kifupi miche yake ni mizima, bei poa, mwenyewe anaijua kazi, tatizo lake ni moja na nitalisema huko chini.

Nilichofuata ni zile deizi ndogo ndogo, jina la kitaalamu Erigeron karvinskianus, asili yake Mexico na Amerika ya Kati ila huku kwetu kwenye baridi zimekubali mpaka basi. Ua linafunguka jeupe afu linavyozeeka linageuka pinki mpaka linaelekea zambarau, hivo mmea mmoja muda wote una rangi mbili tatu na kile kitufe cha njano katikati. Mi kwa kweli hakuna ua nalipenda kama hili. Halipandi juu sana, sentimita 30 hivi, ila linatambaa na kuning'inia, na ukilipanda kwenye ngazi za mawe au kwenye ufa wa ukuta ndo umelipeleka kwao.

Sasa bei. Kiriba kidogo, kile kifuko cha kuoteshea mche, ni shilingi 1,500, chungu chenye mmea mkubwa umejaa maua ni 10,000. Wengi niliowakuta pale walikuwa wanakimbilia chungu kwa sababu kinapendeza papo hapo, mi nasema chukua kiriba. Ule mkubwa mizizi imeshajisokota ndani ya chungu, ukiuhamisha unadumaa wiki kadhaa na matawi yanakauka, wakati mche mchanga unaingia ardhini na kuendelea na safari yake. Afu piga hesabu, hela ya chungu kimoja ni miche 6 na chenji inabaki. Na mmea wenyewe unajiotesha jamani, hununui wa kujaza bustani, unanunua wa kuanzishia tu, mingine itajileta.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba aliniacha nikague. Nilimwomba autoe mmoja kwenye kiriba nione mizizi, wengine ukiwaomba hivo wananuna kabisa, yeye akasema "toa tu dada, angalia mwenyewe". Mizizi myeupe, imeshika udongo vizuri bila kujizungusha chini. Udongo wake ni mchanganyiko na mchanga na samadi iliyooza, siyo ile mbichi inayounguza miche, na nyuma ya majani hakuna vidukari. Kuna mche ulikuwa umeshatoa maua kibao nikautaka, akanikatalia, akasema chukua hii ambayo bado haijachanua itashika haraka. Yuko sahihi, na angeweza kunyamaza tu akala hela yake.

Kupanda hakuna mambo mengi, jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Huku chini ya Meru udongo wetu wa volkano unafaa, ila kama kwako ni mfinyanzi changanya na mchanga au changarawe la sivyo mizizi inaoza masika. Samadi weka kidogo, ukizidisha unavuna majani. Mwagilia mpaka ishike, baada ya hapo inavumilia ukame. Ikichoka na kubaki vijiti, ifyeke chini kabisa mvua zikikaribia, inachipua upya na maua juu.

Kuhusu kujiotesha, kile tunachokiita ua moja la deizi ni kichwa chenye maua madogo mengi yamebanana, ile njano ya katikati yote ni maua na kila moja linaweza kutoa mbegu yake, ndo maana mche mmoja unazaa hivo. Mbegu ni ndogo mno, ina vinyweleo, upepo unaibeba, na inataka idondoke juu ya udongo wenye unyevu ipate mwanga, ukiifukia haitoki. Kwa hiyo matandazo mazito ya majani makavu usiweke kila mahali, acha sehemu wazi. Na tafadhali mwonyeshe anayekupalilia vile vimche vinavyofananaje, majani ya chini mara nyingi yana ncha tatu, vinginevyo jembe linapita na mwakani hamna kitu.

Ila hapa naomba mnisikilize. Huko huko kujiotesha ndo kumefanya New Zealand wapige marufuku kuuza na kuzalisha mmea huu, na Hawaii nako unahesabika gugu. Sisi tuna mifereji na misitu ya Meru hapo mlangoni. Kama kiwanja chako kinapakana na mto au msitu usiupande, chukua gailadia, zile nyekundu zenye ncha za njano, mbegu zake ni kubwa zaidi na zinaanguka karibu na mama. Mimi upande wangu wa mfereji nakata vichwa kabla havijakomaa. Nilimwambia kaka awe anawaambia wateja, akanisikiliza vizuri tu.

Lile tatizo sasa, hana lebo. Kila kitu pale ni "deizi" na ukiuliza anasema zote zinajiotesha. Siyo kweli. Ana zile kubwa nyeupe za Shasta, hizo ni chotara alizotengeneza mzalishaji mimea Luther Burbank kule California akazitoa 1901, mbegu zake hazikupi mtoto anayefanana na mama, hizo unagawa shina. Gailadia zinajiotesha ndiyo, ila mmea wenyewe unaishi miaka miwili mitatu unakufa, unaacha watoto na rangi zinaweza kubadilika. Kwa hiyo nenda na picha kwenye simu umwonyeshe unachotaka. Kama unapeleka Dar au Tanga, gailadia ndo zitakazokufaa, hizi ndogo joto la pwani linazichosha.

Kwa miche na huduma nampa nne kati ya tano, akiweka lebo nampa zote. Nenda asubuhi maana mchana miche inakuwa imenyong'onyea na huwezi kuikagua vizuri, beba boksi lako, yeye anafunga na gazeti tu, na ulizia gailadia za njano tupu, alisema anaziotesha.