Uzoefu wangu na kituo cha kuokoa wanyama mjini: uokoaji, kumchukua mbwa, na kliniki ya punda wa kazi

Kituo ninachokizungumzia kinahudumia jiji kubwa, na nimekitumia kwa njia tatu: niliwaita kumwokoa mbwa aliyejeruhiwa, baadaye nikamchukua kwao mbwa ambaye hadi leo ninaishi naye, na tangu wakati huo nimekuwa nikijitolea katika kliniki yao ya wanyama wa kazi, ambako huletwa punda na farasi wanaovuta mikokoteni. Maoni mengi ninayoyasoma kuhusu vituo vya namna hii huishia siku mtu anapotoka langoni na mnyama wake. Kwa maoni yangu siku hiyo hutufundisha machache mno kuhusu kazi ya kituo, kwa hiyo nitaeleza zaidi yale yanayoitangulia na yale yanayoifuata.

Mbwa niliyewaitia alikuwa ameangukia kwenye mtaro wa maji ya mvua baada ya kugongwa na gari. Mguu wake mmoja wa nyuma ulikuwa unaning'inia, na watu walikuwa wamekwisha kumzunguka. Mhudumu aliyepokea simu, baada ya kuuliza mahali tulipo, alitaka kujua kama mbwa anaweza kusimama, kama damu inachuruzika au inaruka, kama amemng'ata mtu yeyote, na kama anatokwa na mate mengi au anashindwa kumeza. Kisha akaniagiza niwasogeze watu nyuma, nisimpe mbwa maji wala chakula, na nisijaribu kumnyanyua. Yale maswali ya mwisho yalihusu kichaa cha mbwa, na alikuwa na haki ya kuyauliza, kwa kuwa karibu asilimia 99 ya wanadamu wanaopata ugonjwa huo huambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni nadra mno. Alisema pia jambo ambalo kila anayeishi karibu na mbwa anapaswa kulijua: aliyeng'atwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaanzishiwe chanjo, bila kungoja kuona mbwa mwenyewe atakuwaje.

Wahudumu wawili waliofika walikuwa na fimbo yenye kitanzi, lakini waliiacha garini. Mmoja aliteremka mtaroni kwa ubavu, akachuchumaa bila kumkazia mbwa macho, akazungumza kwa sauti ya chini mpaka mnyama akaacha kutetemeka, ndipo alipomfunika kichwa kwa blanketi na kumfunga mdomo kwa bandeji laini. Kabla ya kuugusa mguu uliovunjika, aliinua mdomo wa juu pembeni, akabonyeza ufizi kwa kidole, akauachia na kutazama rangi inarudi kwa kasi gani. Mbwa ambaye damu yake inazunguka vizuri, ufizi hurudi kwenye rangi yake ya waridi ndani ya sekunde mbili hivi. Ikichelewa, huenda ana mshtuko, yaani damu haifiki vizuri mwilini, au anavuja damu ndani, na hapo mguu unakuwa jambo la baadaye. Walimtelezesha juu ya ubao akiwa amelala vilevile alivyokuwa, wakaondoka naye. Mguu ule ulikatwa. Baadaye nilimwona akikimbia uani kwa miguu mitatu, na sikuona kwamba alikuwa na upungufu wowote.

Mnyama anayeingia kituoni hapelekwi moja kwa moja kwenye vizimba vya wengine. Hukaa karantini, na watoto wa mbwa hukaa mbali kabisa na wageni. Niliwahi kuona familia moja ikikasirika kwa kukatazwa kuwashika, na katika jambo hilo niko upande wa kituo bila kusita. Virusi vya parvo, ambavyo huwaharisha damu watoto wa mbwa na kuwaua wengi kati yao wasipotibiwa, vinaweza kukaa kwenye udongo na sakafuni kwa miezi mingi, na soli ya kiatu inatosha kuvihamisha kutoka chumba kimoja hadi kingine. Chanjo ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16 au zaidi, kwa sababu kinga aliyoipata kwa mama yake inaweza kuzuia chanjo za mwanzo zisifanye kazi. Kwa hiyo mtoto aliyechanjwa mara moja tu bado hajawa salama, hata kama anaruka na kucheza.

Kuhusu kuwaua wanyama wasioweza kuokolewa, kituo hiki hakifichi. Nilipouliza, nilionyeshwa daftari lenye sababu ya kila uamuzi na sahihi ya daktari wa wanyama. Kituo kinachopokea mnyama yeyote wa mjini, wakiwemo waliopasuliwa na magari na wenye kichaa, kisha kikadai kwamba hakijawahi kumchoma mnyama sindano ya mwisho, ningekiuliza wagonjwa hao wanakwenda wapi.

Sasa nije kwenye kumchukua mnyama. Nilitaka mbwa mtu mzima, na kilichonivutia kwanza ni ukweli wa majalada yao. La mbwa niliyemchagua lilieleza wazi kwamba anaogopa ufagio, kwamba hunguruma mtu akisogelea bakuli lake, na kwamba hajulikani atafanya nini akikutana na paka. Mtu anayetaka kuondosha bidhaa ghalani hawezi kuandika hivyo. Mahojiano yalikuwa marefu, na maswali mengi yalihusu mambo ambayo waombaji wengi hawayafikirii: nani atabaki na mbwa nikisafiri, mwenye nyumba anasemaje, uzio una urefu gani, na nani atalipa akiugua usiku. Nilihojiwa mara mbili, na watu wawili tofauti, na baadaye nilielezwa kwamba walikuwa wakilinganisha majibu.

Hakuna mbwa anayetoka pale bila kuhasiwa au kufungwa kizazi, isipokuwa wale wachanga mno, ambao mwenye kuwachukua hutia sahihi kwamba atawarudisha kufanyiwa upasuaji. Msimamo huu una sababu ya wazi. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, jike anaweza kupata joto, yaani kuwa tayari kupandwa, kwa mara ya kwanza akiwa na miezi sita hivi, na uzao mmoja unaweza kuwa na watoto wengi kuliko nyumba zilizo tayari kuwapokea. Kwa jike mwenyewe, upasuaji huo humkinga na ugonjwa wa usaha kwenye mji wa mimba, ambao huua majike wengi wenye umri mkubwa. Mbwa wangu alitoka akiwa pia na chipu ya utambulisho, ndogo kama punje ya mchele, chini ya ngozi, katikati ya mabega, yenye nambari ya tarakimu 15, na mimi nikapewa fomu ya kuiandikisha kwa jina na simu yangu. Chipu isiyoandikishwa haimrudishi mnyama nyumbani, na ilinipendeza kwamba mhudumu hakuniruhusu niondoke mpaka nimalize kuijaza.

Siku za mwanzo mbwa alijikunja nyuma ya kiti na kukataa chakula mchana. Nilikuwa nimekwisha kuelezwa kwamba kwa kawaida mbwa huhitaji siku tatu kutuliza hofu, wiki tatu kuzoea ratiba, na miezi mitatu kuamini kwamba pale ndipo kwao, ingawa si kila mbwa anayefuata hesabu hiyo. Kituo kilipiga simu chenyewe, zaidi ya mara moja. Kuhusu kunguruma kwenye bakuli, walinifundisha nisilinyang'anye wala nisimkaripie, bali nipite kwa mbali na kurusha kipande cha nyama, siku baada ya siku nikisogea kidogo, hadi aanze kufurahia mtu anapokaribia. Ilichukua muda, lakini imefanikiwa. Mkataba unasema pia kwamba mambo yakishindikana mnyama arudishwe kwao, asiachwe barabarani wala kupewa mtu mwingine, na wanaorudisha hawakemewi.

Kwa paka wa mitaani kazi yao ni nyepesi kuieleza: huwanasa kwa mtego, huwafunga kizazi, huwachanja na kuwarudisha walikotoka, wakiwa wamekatwa ncha ya sikio moja ili watambulike wasinaswe tena. Wakiondolewa wote, wengine huja kukaa mahali pao maadamu chakula kipo.

Kliniki ya wanyama wa kazi ndiyo inayonifanya niwasifu zaidi, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote. Wapo wanaosema kituo cha mbwa na paka hakina haja ya kujishughulisha na punda. Ukweli ni kwamba vyama vya kutetea wanyama vilianza na wanyama hao. Chama kilichoanzishwa London mwaka 1824 kiliwafuatilia waliowatesa ng'ombe na farasi masokoni na barabarani, na Henry Bergh alipoanzisha chake New York mwaka 1866, alijulikana zaidi kwa kusimama barabarani na kuwazuia madereva waliowapiga farasi waliozidiwa na mzigo.

Punda huficha maumivu. Farasi akiumwa utamwona akigaagaa na kujirusha. Punda anaweza kusimama kimya, akainamisha kichwa, akapunguza kula, na mwenye punda akadhani amechoka tu. Kwa hiyo daktari wa kliniki hamtazami punda peke yake. Humwomba mwenye punda aingize vidole chini ya mkanda wa kifuani. Visipoingia, mkanda umebana. Vikiingia na kutoka na unyevu, huenda kuna kidonda kilichofunikwa na manyoya. Niliwahi kusimama kando ya mzee mmoja alipofanya hivyo. Alitoa vidole vyenye usaha, akavitazama, akaanza kuufungua mkanda mwenyewe kabla hajaambiwa neno. Ulikuwa wa kamba ya nailoni, na ilikuwa imekata ngozi palepale inapovutia.

Asubuhi hiyo walitumia muda mwingi zaidi kurekebisha zana kuliko kutibu. Walimwonyesha jinsi ya kutengeneza mkanda mpana wa turubai wenye pamba ndani, jinsi ya kuugawa mzigo ili uelemee ekseli ya mkokoteni badala ya shingo ya punda, na kwa nini lijamu ya waya iondolewe kinywani. Kwato zake, zilizokuwa zimerefuka mpaka anatembelea visigino, zilichongwa kidogo tu, kwa sababu kuzikata zote kwa mara moja kungeziumiza kano, akapangiwa kurudi. Kwa kawaida kwato za punda huhitaji kuchongwa kila baada ya wiki sita hadi kumi. Aliulizwa pia punda analala wapi mvua inaponyesha, maana manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, na analala na nani. Swali hili la pili niliwahi kudhaniwa nimelisikia vibaya nilipolisimulia. Punda hushikamana na mwenzake kwa nguvu, na akitenganishwa naye anaweza kuacha kula. Punda asiyekula, hasa aliyenenepa, mafuta hujaa kwenye damu yake na kumharibu ini, naye anaweza kufa kwa hilo. Ndiyo sababu mgonjwa anayelazwa hulazwa pamoja na mwenzake mzima.

Hapa ndipo ninapokubaliana kwa moyo wote na sera yao ya kutokimbilia kunyang'anya. Punda aliyenyang'anywa leo, kesho mwenyewe atanunua mwingine na kumfunga kamba ileile, kwa kuwa riziki ya nyumba yake inategemea mkokoteni. Adhabu ya kunyang'anywa wameiweka kwa wanaorudia ukatili kwa makusudi. Wengine hupewa mafunzo, hutembelewa wanakoegesha mikokoteni, na hushauriwa kupokezana wanyama na wenzao wakati mmoja anapopumzishwa kidonda kipone. Wafanyakazi wa kituo pia huwasikiliza kuhusu wizi wa punda, uliochochewa na biashara ya ngozi zinazochemshwa kutengenezea dawa ya jadi ya Kichina iitwayo ejiao. Umoja wa Afrika uliafiki mwezi Februari 2024 kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote, na kliniki hutumia nafasi hiyo kuwahimiza wenye punda kuwatia alama na kuwafungia usiku.

Yapo yanayonisumbua. Simu ya dharura ya usiku mara nyingi haipokelewi, na mwisho wa saa za kazi haujaandikwa popote ambapo mpigaji anaweza kuuona. Foleni ya upasuaji wa kufunga kizazi kwa wanyama wa watu binafsi ni ndefu kiasi kwamba wengine huzaa kabla zamu yao haijafika, na ningependa majike ambao hawajawahi kuzaa watangulizwe. Zito kuliko yote ni kwamba kliniki ya punda hufunguliwa asubuhi, saa ambazo mizigo ni mingi, hivyo wanaofika ni wale ambao wanyama wao wameshashindwa kabisa kuvuta. Nimewaandikia uongozi nikiomba waijaribu jioni, mikokoteni inaporudi, na nimejitolea kushika zamu hizo. Wamejibu kwamba wanamtafuta daktari wa pili.