Wodi ya upasuaji iliyomtoa mama uvimbe wa GIST: nyota tano kwa wodi, mbili kwa vipimo

Nawaandikia hasa nyinyi mnaomuuguza mzazi anayeishiwa damu kila mara na hakuna anayewaambia inakwenda wapi. Mama yangu ana miaka 61, mkazi wa Muheza. Aliongezewa damu, akapewa vidonge vya kuongeza damu, akarudi nyumbani akiwa na nafuu, na haukupita muda viganja vikawa vyeupe tena. Choo kilikuwa cheusi tii, kinanata. Alipitishiwa kamera ya kooni, tumbo la chakula likaonekana halina shida kubwa, akaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo. Alizimeza zote bila mafanikio.

Aliyeligundua tatizo ni daktari bingwa wa upasuaji katika hospitali moja ya rufaa Dar es Salaam. Jina la hospitali silitaji, kwa sababu nina malalamiko pia na lengo langu si kumchafua mtu.

Kilichonivutia tangu siku ya kwanza ni kwamba yule daktari aligusa kabla ya kuandika. "Mama, lala chali, kunja magoti, pumua kwa mdomo." Akabonyeza taratibu, akafika kushoto kwa kitovu, akatulia hapo. Kisha akamwomba mama ruhusa, akanionyesha pa kuweka vidole. Nikausikia: kitu kigumu, kinateleza upande kikisukumwa. Siti skani ikathibitisha uvimbe wa sentimita 9 kwenye utumbo mwembamba, mbali na mahali kamera ya kooni inapoishia. Kwa hiyo waliosema tumbo la chakula ni zima hawakukosea. Damu ilikuwa inavujia mbele zaidi.

Alituketisha akatuchorea nyuma ya karatasi ya kuombea vipimo. Uvimbe wa namna hii unaitwa GIST, ni aina ya saratani. Unaanzia kwenye seli za ukuta wa njia ya chakula, zile zinazouongoza utumbo ujikunje na kusukuma chakula. Ni wa nadra: kwa mwaka hupata watu kama 10 hadi 15 katika kila milioni moja. Zamani ulihesabiwa kuwa uvimbe wa misuli tu, hadi mwaka 1998 watafiti wa Japani walipoonyesha hitilafu ya jeni iitwayo KIT inayouchochea ukue. Nilimuuliza kwa nini asichukue kinyama kwa sindano kwanza, maana ndivyo tunavyosikia kwa saratani nyingine. Akanijibu kwamba huu ni laini, una damu nyingi, ukipasuka unamwaga mbegu za ugonjwa tumboni na hali ya mgonjwa inabadilika kabisa. Kama unaweza kutolewa wote, utolewe mzima na ganda lake. Tena huu ni nadra kusambaa kwenye tezi za limfu, kwa hiyo haikuwa lazima kukata eneo kubwa.

Hakuishia kwenye mazuri. Kabla ya mama kusaini fomu ya ridhaa alimwambia wazi kuwa pale zinapounganishwa ncha mbili za utumbo panaweza kuvuja, hasa kwa mtu aliyepungukiwa damu na lishe, na kwamba mara nyingi dalili huonekana kati ya siku ya tano na ya saba. Mjomba alinuna, akaona daktari anamtisha mgonjwa. Mimi namshukuru kwa maneno yale kuliko kwa jambo lolote jingine.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Ndugu walijitokeza kuchangia damu, uvimbe ukatoka mzima, ukubwa wa embe dodo.

Siku ya tano usiku, nesi wa zamu alikuja kupima mapigo, akapima, akarudia. Yalikuwa zaidi ya 120. Mama hakuwa na homa, alisema tu tumbo limejaa. Nesi akainama chini ya kitanda akautazama mfuko wa ule mpira unaotoa maji tumboni, akaumulika kwa tochi ya simu. Maji yaliyokuwa ya pinki mchana yalikuwa yamegeuka kijani, rangi ya nyongo. Hakuniambia "tusubiri raundi ya asubuhi". Alimpigia daktari palepale, akamzuia mama kula na kunywa, akafungua dripu ya pili. Daktari alifika usiku huohuo, akasimama mbele yetu akasema: "Mshono wa ndani umevuja. Niliwaeleza unaweza kuvuja, na sasa umevuja. Tunarudi thieta sasa hivi." Wakasafisha tumbo, wakakata sehemu iliyovuja, wakashona upya. Mama alilazwa chumba cha uangalizi maalumu, akarudi wodini, kidonda cha nje kikaingia usaha na kikasafishwa kila siku mpaka kikajaa nyama. Sijawahi kumwona mtu anayefanya kazi kwa makini kama yule nesi. Kama angepima mapigo mara moja tu na kuandika, sidhani kama leo ningekuwa naandika haya.

Sasa malalamiko, na nayasema kwa uchungu. Siku ya upasuaji tulikabidhiwa uvimbe ndani ya kopo la plastiki tuupeleke wenyewe maabara ya nje. Nilipanda bajaji nimeupakata. Kopo lilikuwa dogo, uvimbe umebanwa, fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze, haikuufunika hata wote. Jina la mama liliandikwa kwa kalamu kwenye mfuniko peke yake. Maabara waliniambia fomalini inatakiwa iwe karibu mara kumi ya nyama yenyewe, na jina likae ubavuni mwa kopo, kwa sababu mifuniko huchanganywa. Hospitali inayoweza kumfungua mtu tumbo mara mbili ikamrudisha salama haishindwi kuwa na kopo kubwa na lebo.

Majibu ya kwanza yalisema tu ni uvimbe wa seli ndefu, kinahitajika kipimo cha ziada cha rangi maalumu, CD117 na DOG1. Tulilipa tena, tukasubiri wiki nyingi, hakuna aliyetupigia. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kuuliza dirishani. Si jambo dogo. Kipimo hicho ndicho kinachothibitisha kuwa ni GIST, na idadi ya seli zinazogawanyika pamoja na ukubwa wa uvimbe ndivyo vinavyoamua kama mgonjwa aanze vidonge vya imatinibu, dawa ya kuzuia ugonjwa usirudi. Dawa hii ilianza kujaribiwa kwa ugonjwa huu kwa mwanamke mmoja wa Finland mwaka 2000, na kabla yake uvimbe ulioenea haukuwa na dawa ya maana. Mama aliwekwa kundi la hatari kubwa ya ugonjwa kurudi. Anameza miligramu 400 mara moja kwa siku, akiwa amekula, na glasi kubwa ya maji, kwa miaka mitatu. Asubuhi kope zinamvimba. Tuliambiwa ni kawaida ya dawa hiyo.

Ningempeleka tena kwa daktari yuleyule? Ndiyo, bila kusita. Ila mkifika hatua ya kukabidhiwa kinyama, msiondoke kabla hamjaona fomalini imekifunika na jina limebandikwa ubavuni. Ombeni nakala ya fomu, na siku hiyohiyo muulize kama vipimo vya CD117 na DOG1 vimeandikwa, mlipie kwa pamoja. Uongozi wa hospitali nimewaandikia barua kuwaomba wamteue mtu mmoja wa kufuatilia majibu ya wagonjwa wa upasuaji. Wameipokea na kuigonga muhuri; bado nasubiri jibu.