Sambusa za Dengu au Pai ya Mboga kwa Wageni wa Idi
Kwa mwenyeji wa Tanga anayetaka kuwakirimu wageni wa Idi wasiokula nyama, uamuzi ni kati ya sambusa za dengu na pai ya mboga ya oveni. Sambusa zina kazi kubwa mapema: manda, yaani chapati nyembamba za kufungia sambusa, husukumwa mbili tatu kwa pamoja baada ya kupakwa mafuta na kunyunyizwa unga katikati, huchomwa kidogo, kisha hubanduliwa zingali moto. Jazo la dengu zilizoiva bila kurojeka, kitunguu, bizari nyembamba, pilipili mbichi na kotmiri lazima likauke na kupoa kabisa, kwa sababu unyevu hulainisha manda na sambusa hupasuka ndani ya mafuta. Hata hivyo, zikishafungwa alfajiri, hubaki kukaangwa tu watu wanaporudi kutoka kuswali.

Pai hujiivia yenyewe katika oveni ya nyuzi 200, lakini donge lake hudai siagi baridi, takribani nusu ya uzito wa unga, na joto letu la pwani huiyeyusha upesi. Kwa nyumba isiyo na jokofu la kuaminika, nashauri sambusa bila kusita, tena ziandamane na chatine ya ukwaju.