Raba fupi za mtindo wa zamani: miezi mitatu katika mitaa ya Lamu

Kwa miezi mitatu nimevaa karibu kila siku raba fupi za mtindo wa zamani, zile zinazoishia chini ya kifundo cha mguu, zenye soli bapa ya mpira wa kahawia na ngozi yenye malaika kama mahameli. Umbo hili lilizaliwa viwanjani: Adidas Samba ilibuniwa kwa ajili ya wachezaji wa kandanda waliofanya mazoezi juu ya ardhi iliyoganda kwa baridi, na Puma Suede ikatoka mwaka 1968. Zangu ni za mtengenezaji mwingine aliyeiga umbo hilo, nami nilizipata mitumbani zikiwa kama hazijapata kuvaliwa.

Wiki ya kwanza zilinitesa. Ukingo wa nyuma ulinichubua kisigino cha kulia, na kidole kidogo kilibanwa mpaka ngozi ya kiatu ilipolegea. Mwenye mguu mpana, na wengi wetu tuliokulia katika ndara miguu yetu ni mipana, achukue namba moja zaidi.

Zilipokwisha kulainika, nilizipenda kwa jambo nisilolitarajia: katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako hakuna hatua mbili zilizo sawa, soli bapa hutulia, kwa kuwa mguu haukuinuliwa juu ya sponji nene linaloyumba. Hata hivyo, nikienda kijiji cha Shela kwa miguu, mwendo wa kilomita tatu hivi, nyayo huwaka moto kabla sijafika, na mchanga huwa umekwisha kujaa ndani. Kwenye ngazi za gati zilizoota mwani hazishiki kabisa.

Kasoro kubwa ni kamba. Mtu wa Lamu huvua viatu msikitini, na huvua tena katika kila nyumba anayokaribishwa. Ijumaa moja nilikuwa nimeinama mlangoni nikihangaika na fundo, watu wamesongamana nyuma yangu, mzee mmoja akiwa na makubadhi yake mkononi akaniuliza, "Mwanangu, hivyo ni viatu au ni nanga?"

Fundi alinishonea lastiki mahali pa kamba. Sasa huingia na kutoka upesi, ingawa kisigino huinuka kidogo nikipanda ngazi. Nazivaa kazini na matembezi ya jioni. Mvua za masika zikianza nitarudi kwenye ndara, maana doa la kinyesi cha punda lililoingia katika malaika ya ngozi ile limeshinda mswaki na sabuni.