Ukinunua swichi za kibodi, anza na herufi A

Mwaka jana nilijinunulia swichi 90, vile vidude vilivyo chini ya vitufe vya kibodi. Zilikuwa za kinundu, za gramu 67 (ndio uzito wa kuzibonyeza), na kila video niliyotazama ilizisifia kama asali ya Tabora. Nilizisubiri wiki tano. Zilipofika nilibaki ofisini hadi saa mbili usiku nikichomeka moja moja, na kesho yake nikaanza kuchapa hati za mashauri kama kawaida. Kufika saa tisa alasiri kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimekufa ganzi. Wiki ya pili nikawa nashika kikombe cha chai kwa vidole vinne.

Nikadhani ni uzee. Kumbe ni herufi A.

Wanaotengeneza zile video wanachapa Kiingereza. Kiingereza hutawaliwa na E, na E huangukia kidole cha kati, pande la kidole. Sisi letu ni A, nayo imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha kushoto, ambacho kazi yake nyingine duniani ni kuchokonoa sikio. Chukua sentensi ninayoichapa karibu kila siku: "Wadaiwa wanatakiwa kuwasilisha majibu." Herufi 34. A ni 10, E hakuna hata moja ya kusingiziwa. Na kidole hichohicho ndicho kinachobonyeza Shift na Tab. Hakuna mchambuzi hata mmoja niliyemsikia akilitaja hili, na sioni kwa nini angelitaja, halimuumi.

Kwa hiyo hapa taa za rangi sizigusi, wala habari ya waya na kutokuwa na waya. Kwa mgeni wa mambo haya niseme tu aina za swichi. Zipo zinazoteleza hadi chini bila kizuizi, zipo zinazolia ka! ka! (ukizileta ofisini, jirani yako wa meza atakuombea uhamisho), na zipo za kinundu: kidole kinahisi kijimlima kidogo, unajua herufi imeingia, huna haja ya kugonga chini. Katika swichi za kawaida za Cherry, kampuni ya Ujerumani, safari nzima ya kitufe ni milimita 4 na herufi huingia kwenye milimita 2. Nusu ya safari ni bure kabisa, ila vidole vyetu vilivyozoea kibodi ngumu za mpira havijui hilo, vinaponda tu.

Mtego mkubwa uko kwenye gramu. Cherry MX Brown, swichi yao ya kinundu, ikitajwa kuwa ya 55, hapo ni uzito wa kwenye kinundu. Boba U4, ya kinundu pia, ikiandikwa 62, huo ni uzito wa springi ikifika chini. Ukizilinganisha namba kwa namba unalinganisha kimo cha mtu na kiatu cha mwenzake. Mimi siku hizi natumia mzani wa dijitali wa jikoni, ule wa kupimia unga: weka kibodi juu yake, rudisha sifuri, kisha bonyeza A polepole ukiangalia namba inapanda hadi wapi kabla kinundu hakijaachia. Ndugu zangu walinicheka sana siku ya kwanza, tena chapati zilikuwa zinasubiri mzani.

Sasa orodha yangu, kuanzia iliyo bora, kwa anayechapa Kiswahili siku nzima.

Ya kwanza ni Cherry MX Brown, na najua nitatukanwa. Wapenzi wa kibodi wanaidharau, wanasema kinundu chake ni kama chembe ya mchanga iliyoingia kwenye swichi. Sawa, kinundu ni kidogo, sibishi. Lakini kidole cha mwisho hakitaki mlima, kinataka taarifa. Tangu niwekewe Brown sijaamka na ganzi, nazo hazipigi kelele za kumkera mtu isipokuwa yule anayekereka na kila kitu. Mimi ni mtu wa Cherry, sijifichi. Wajerumani hawa wamekuwa wakitengeneza MX tangu miaka ya 1980, na swichi nyingi unazoziona sokoni leo zimeiga umbo lake.

Ya pili ni Boba U4 ya gramu 62, kwa mwenye ofisi ya wazi ambako watu kumi wanasikilizana hadi wanapomeza mate. Hii ni ya kimya kweli, na ina sababu. Swichi hugonga mara mbili: ikifika chini, na ikirudi juu. Ule mgongano wa pili watu huusahau, wanashauriana wachape taratibu, kumbe kitufe kinarudishwa na springi kwa nguvu zilezile hata ukichape kwa unyoya. Boba U4 ina vilaini vinavyopokea mapigo yote mawili. Kinundu chake ni kikubwa, ndiyo kasoro yake kwangu. Dawa ninayoitumia kwenye kibodi ya nyumbani: swichi zote Boba, ila chini ya A nimeweka Brown. Kama kibodi yako ni ya kuchomoa swichi kwa koleo, hakuna sheria inayosema zote zifanane. Angalia tu usichukue U4T, ambayo jina ni ndugu lakini yenyewe hailali kimya.

Ya tatu ni Realforce, kibodi nzima ya kampuni ya Topre, kutoka Japani. Si ya kuchomoa, bei yake ni ya mwajiri, si yako. Naitaja kwa heshima, maana kuna toleo lao ambalo vitufe vya vidole vidogo vina gramu 30 na vingine vingi 45. Kwa hiyo kuna wahandisi mahali fulani waliowahi kukitazama kidole cha mwisho wakakionea huruma.

Holy Panda naiweka mkiani. Ilizaliwa na wapenzi waliochukua moyo wa swichi moja wakauingiza kwenye gamba la nyingine, ikatoka na kinundu kikali na mlio mnene. Tamu kwa dakika kumi. Wewe unachapa kwa muda wa saa nane.

Za bei rahisi, Outemu Brown na jamaa zake: zinafanya kazi, basi. Ila kibodi nyingi za rahisi zinazokuja nazo zina matundu membamba yanayokubali miguu ya Outemu tu, na ukija kutaka Cherry utajikuta umeoa ukoo mzima.

Na hapa ndipo ninapowageukia wauzaji. Rangi ya kahawia si mali ya mtu, kila kiwanda kinapaka. Ukiuliza dukani "hii Brown ya nani?" unajibiwa "ni Brown, dada, original." Nilishauziwa hivyo, nikafika nyumbani nikachomoa kofia ya kitufe, hakuna jina la kampuni popote. Niliporudi nikaambiwa box limeshafunguliwa. Ukiagiza nje nako swichi nyingi huja kwa pakiti za 10, kibodi yangu ina vitufe 87, kwa hiyo unalipia tatu za ziada, unalipia usafiri, kisha VAT ya asilimia 18 inakusubiri uwanja wa ndege.

Kwa hiyo nenda dukani na kivuta kofia chako mfukoni. Chomoa kofia ya A kabla ya kutoa hela, soma kilichoandikwa kwenye gamba. Kisha irudishe, omba waichomeke kwenye kompyuta, uchape "mahakama" mara hamsini bila kupumzika. Muuzaji atanuna kufika mara ya ishirini. Endelea.